Sura ya Nne: Anza na Waya, Maliza na Paneli

Kolandoto ni njia panda. Anayetoka Shinyanga mjini kwenda Mwanza hupita hapo, na anayekwenda Mhunze, makao ya wilaya ya Kishapu, huiacha barabara kuu hapo hapo akashika njia ya Lalago. Mbele kidogo, kwenye barabara ya Mwanza, kuna Maganzo na mgodi wa almasi wa Mwadui, uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Upande wa magharibi, ukishaipita Kahama, unaingia ukanda wa dhahabu wa Bulyanhulu na Geita. Riziki nyingi za eneo hili zinahama. Mnada wa ng'ombe leo uko kijiji hiki, kesho kile. Msimu wa pamba huyajaza matela barabarani, kisha huisha na matela hukaa bure. Rashi ya dhahabu ikisikika, maturubai huota porini ndani ya siku chache, na dhahabu ikikata, watu hufungasha. Kwa mtu mwenye riziki ya namna hii, tela lililojengewa kuta za mbao au bati ni mali yenye akili: linaweza kuwa duka, banda la mama lishe, chumba cha kinyozi au malazi ya mlinzi, na siku ya kuhama hakuna ukuta wa kubomoa. Sura hii inahusu namna ya kuliwekea taa na umeme.

Msimamo wangu una sehemu mbili zinazotegemeana. Kwanza, umeme unaolifaa tela ni umeme mdogo wa volti 12, unaotoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa, bila kupandishwa kwanza kuwa volti 230 kama za shirika la umeme, TANESCO. Pili, anayeufunga umeme huo aanze kutumia fedha kwenye waya na fyuzi, aende kwenye betri, na paneli ya sola aifikie mwisho. Sokoni wengi hufanya kinyume kabisa: hununua paneli kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, wanaongeza betri ya gari iliyochoka, wanaweka inveta ya kupandisha volti hadi 230 ili kila kifaa cha nyumbani kifanye kazi, halafu salio la shilingi elfu chache ndilo linalonunua waya, na fyuzi husahaulika. Mfumo huo huwaka wiki ya kwanza, na ndiyo maana unaaminika. Kasoro zake huonekana baadaye, nazo huonekana kwa namna mbili: taa kufifia, au moto.

Tuanze na sababu ya volti 12. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua mtambo wake wa Pearl Street, New York, akauza umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 110 hivi. Taa zake ziliwaka vizuri, lakini mteja aliyekaa zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka kwenye mtambo hakuweza kuhudumiwa kwa gharama yenye maana, kwa sababu umeme wa volti ndogo hupoteza nguvu nyingi njiani. Mkondo geu (AC), ambao unaweza kupandishwa volti kwa transfoma, ukasafirishwa mbali na kushushwa tena, ndio uliotawala dunia. Kwa hiyo tunavuta volti 230 majumbani kwa sababu ya umbali: umeme unatoka mbali, kwenye mabwawa kama ya Kidatu, Mtera au Rufiji. Tela halina umbali huo. Kutoka betri ilipokaa hadi taa ya mwisho ni mita nne au tano. Kizuizi kilichomshinda Edison hakipo ndani ya tela, na kuupandisha umeme wa betri hadi volti 230 ili usafiri mita tano ni kulipia dawa ya ugonjwa ambao mtu haumwi.

Sababu ya pili imekuja juzi juzi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikifungwa kwenye volti 12 huvuta ampea 5, na chumba chenye balbu nne za aina hiyo kingehitaji nyaya nene sana. Taa za LED zimeifuta hesabu hiyo. Kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura juu ya LED ya bluu, iliyozaa mwanga mweupe na kuwapa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, imefanya taa ya wati 8 itoe mwanga uliokuwa ukitolewa na ile ya wati 60. Kwenye volti 12, wati 8 ni theluthi mbili tu za ampea. Tena LED kwa asili yake inatumia mkondo mnyoofu. Balbu ya LED ya volti 230 inayouzwa dukani ina kisakiti ndani ya kitako chake kinachougeuza mkondo geu kuwa mnyoofu na kushusha volti kabla mwanga haujatoka. Chaja ya simu nayo hufanya vivyo hivyo hadi volti 5. Mwenye tela anayetumia inveta, basi, anachukua mkondo mnyoofu wa betri, anaugeuza kuwa mkondo geu, halafu balbu na chaja zinaurudisha ulikotoka. Kila mgeuzo una ushuru wake.

Ushuru huo unapimika. Tuchukue tela la duka lenye urefu wa mita 4, lililoegeshwa kwenye kambi ya wachimbaji wadogo. Lina taa nne za wati 5 zinazowaka saa tano kila jioni: wati-saa 100. Taa moja ya nje ya wati 5 inawaka saa kumi na moja usiku kucha kwa ajili ya ulinzi: 55. Redio ya wati 5 kwa saa kumi: 50. Televisheni ya sola ya wati 20 kwa saa nne, kwa sababu wateja wa mpira ndio wateja wa soda: 80. Kuchajisha simu kumi kwa siku, kila moja ikila kama wati-saa 20 pamoja na upotevu: 200. Jumla ni wati-saa 485 kwa siku. Sasa weka inveta ya wati 1,000. Hata ikiwa haijachomekwa kitu, inveta ya ukubwa huo huweza kula wati 10 ili iwe macho tu, na kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, yaani karibu nusu ya mahitaji yote ya tela na zaidi ya mara mbili ya taa za ndani. Ongeza asilimia 10 hadi 15 zinazopotea katika kugeuza, na mahitaji yanafika wati-saa 800. Kwa jua la Shinyanga, tofauti hiyo ni kama wati 90 za paneli zinazonunuliwa kwa ajili ya kulisha boksi lenyewe.

Soko lenyewe limeshatoa ushahidi upande huu. Kampuni zilizouza sola kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu Afrika Mashariki, kama M-KOPA iliyoanza Kenya mwaka 2012, Off Grid Electric iliyoanzia Arusha na baadaye kuitwa Zola, na Mobisol ya Ujerumani iliyouza Tanzania na Rwanda, zilikuwa na sababu nzito ya kupunguza gharama, maana paneli iliyozidi ukubwa ilikuwa hasara yao kabla mteja hajamaliza deni. Mifumo yao ya kawaida ya nyumbani ilikuja na taa, redio na televisheni za mkondo mnyoofu. Hawakufanya hivyo kwa kumdharau mteja wa kijijini. Walipiga hesabu kama tuliyopiga hapo juu, wakaona kwamba kuondoa inveta ni nafuu kuliko kuongeza paneli na betri.

Lakini volti 12 zina deni lao, na hapa ndipo sehemu ya pili ya hoja inapoingia. Kwa nguvu ile ile, volti zikiwa chache ampea huwa nyingi. Wati 100 kwenye volti 230 ni chini ya nusu ampea. Kwenye volti 12 ni ampea 8.3. Upotevu wa volti ndani ya waya hufuata ampea, na joto la waya hufuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, yaani ampea zikiwa maradufu joto huwa mara nne. Kwa sababu hiyo fundi aliyezoea kufunga nyumba za TANESCO anaweza kukosea kwenye tela bila kujua: jicho lake limezoea waya mwembamba kubeba nguvu nyingi, na hapa waya huo huo haufai.

Turudi kwenye duka letu. Meza ya kuchajishia simu kumi kwa pamoja, kila moja ikivuta wati 10, inahitaji ampea 8.3, nayo iko mita 4 kutoka kwenye betri. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 8. Ukitumia ule waya mwembamba wa spika au wa taa ya mezani, wenye unene wa milimita za mraba 0.5, ukinzani wake kwa mita 8 ni kama omu 0.31. Volti 2.6 zinabaki njiani, meza inapata volti 9.4, na wati zaidi ya 20 zinageuka joto ndani ya waya uliopita nyuma ya mbao. Hali huzidi kuwa mbaya kwa sababu chaja za kisasa zikinyimwa volti huvuta ampea zaidi ili kufidia. Ukitumia waya wa 1.5, unapoteza volti 0.8, karibu asilimia 7: simu zitachaji, ila umetupa sehemu ya jua. Ukitumia waya wa 4, unapoteza volti 0.3, yaani asilimia 2.5, na hicho ni kiwango kinachokubalika. Kanuni nzuri ni kutoruhusu upotevu uzidi asilimia 3. Taa zote tano kwa pamoja ni ampea 2 tu na kidogo, kwa hiyo waya wa 1.5 unazitosha hadi mita 5. Hesabu nzima haihitaji elimu kubwa: zidisha urefu wa kwenda na kurudi kwa 0.018, gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba, zidisha kwa ampea, na utapata makadirio ya volti zinazopotea.

Unene ulioandikwa kwenye waya hautoshi kuaminika. Madukani kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, nazo ni nafuu na nyepesi, lakini zinapitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu na huchoka upesi mahali palipobanwa na kutikiswa. Kwangua nyuzi kwa kisu: zikiwa nyeupe ndani, hiyo si shaba. Kwenye tela ni muhimu pia kutumia waya wenye nyuzi nyingi laini, kwa sababu waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu hukatika taratibu kwa mtikisiko. Maungio yabanwe kwa vichwa vya shaba na skrubu. Kusokota nyaya mbili na kuzungushia teipu kunaweza kuvumilika ukutani kwenye nyumba isiyosogea. Kwenye tela lililovutwa kilomita hamsini za barabara ya changarawe, mahali hapo ndipo pa kwanza kulegea, na ungio lililolegea hupata joto. Mafundi wa magari wamezoea pia kutumia bodi ya chuma kama njia ya kurudishia umeme ili kuokoa waya mmoja. Kwenye tela lenye fremu ya boliti, vumbi na kutu, ni afadhali kuvuta nyaya mbili kila mahali, nyekundu na nyeusi. Taa za barabarani za tela, za breki na za kona, ziachwe kwenye mfumo wake wa gari linalovuta, na zisichanganywe na taa za duka. Kama linavutwa na lori, kumbuka kwamba malori mengi makubwa yanatumia volti 24. Kuchomeka betri ya volti 12 huko ni kuiua.

Fyuzi ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, na sababu ya kudharauliwa ni ukweli uliotafsiriwa vibaya. Ni kweli kwamba volti 12 hazimpigi mtu shoti. Mtoto anaweza kugusa vichwa vya betri kwa mikono mikavu asihisi kitu. Lakini betri ya ampea-saa 100 ikigusanishwa chanya na hasi kwa waya mnene au spana inaweza kusukuma ampea zaidi ya elfu moja kwa muda mfupi, kiasi cha kuyeyusha chuma. Inveta huzimika ikizidiwa, na mita ya luku hukata. Betri haina huruma hiyo, itaendelea kutoa mpaka waya uungue. Hatari ya volti 12, basi, ni moto, nao tunauongelea mahali ambapo kuta ni mbao, paa ni turubai, majirani wako hatua tatu, na zimamoto haipo. Fyuzi hailindi taa wala simu, inalinda waya. Kwa hiyo ukubwa wake huchaguliwa kwa kufuata waya, na mahali pake ni kwenye waya wa chanya, karibu na betri iwezekanavyo, ndani ya sentimita 20 hivi, kwa sababu sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Katika duka letu vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja vinavuta ampea 12.5. Waya mkuu wa 6 wenye fyuzi ya ampea 20 unatosha, kisha kiboksi cha fyuzi za gari kinagawa njia: ampea 5 kwa taa, 10 kwa meza ya simu, 5 kwa televisheni na redio. Fyuzi hizo zinauzwa kila duka la vipuri. Ikiungua, tafuta sababu. Anayeiziba kwa karatasi ya sigara ameiondoa.

Usidhani kwamba sakiti breka ya nyumbani inaweza kuchukua nafasi yake. Mkondo geu wa hertzi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na kila ukipita hapo cheche kati ya vidole vya swichi hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri kamwe. Cheche ikishawaka, huendelea. Kwa taa ndogo za volti 12 swichi ya kawaida hustahimili, ila kwa mzigo mkubwa, na hasa kwa paneli zilizounganishwa mfululizo hadi volti 40 na zaidi, tumia swichi na breka zilizoandikwa kuwa ni za mkondo mnyoofu.

Betri inafuata. Betri ya gari, hata ikiwa mpya, imetengenezwa kwa sahani nyembamba ili itoe ampea nyingi kwa sekunde chache za starta na kujazwa mara moja. Ukiitumia kila usiku mpaka ikauke, huishi miezi. Betri ya sola ya risasi ina sahani nene, lakini nayo isishushwe chini ya nusu. Mahitaji yetu ya wati-saa 485 ni kama ampea-saa 40, kwa hiyo betri moja ya N100, yaani ya ampea-saa 100, inatosha siku moja bila kuvuka nusu, na mbili zinaivumilia siku ya mawingu. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma yenye ampea-saa 100 inaweza kushushwa hadi asilimia 20 ikabaki salama, ikakupa zaidi ya wati-saa 1,000. Bei yake ya kununulia ni kubwa, lakini inachajiwa na kutumika mara nyingi zaidi kuliko ya risasi, tena ni nyepesi, na kwenye tela uzito ni gharama. Ya risasi ipimwe ikiwa imetulia: volti 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, chini ya 11.9 unaiua. Joto ni adui wa zote, na betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Isikae chini ya bati la paa wala jikoni. Ifungwe kwa mkanda isiruke, na ile ya maji iwe kwenye kisanduku chenye tundu la kutokea nje, kwa sababu ikichajiwa hutoa hidrojeni. Kwa wenzetu wa migodini kuna onyo moja la ziada lisilo na mjadala: tela lenye betri halihifadhi baruti wala fetaki. Betri ya volti 12 inatosha kabisa kulipua fetaki ya umeme.

Paneli tumeiacha mwisho kwa sababu ukishajua mahitaji, ukubwa wake hujitaja wenyewe. Shinyanga iko chini kidogo ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta na ni mkoa mkavu. Hesabu ya saa tano za jua kamili kwa siku ni ya tahadhari. Wati-saa 485 gawanya kwa 5, kisha gawanya kwa 0.7 kufidia joto, vumbi na upotevu wa betri, unapata karibu wati 140: paneli moja ya 150. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kuilaza juu ya paa hakupotezi jua jingi, lakini ipe mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua iioshe, na nafasi ya vidole vinne chini yake ipite hewa, maana kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza kama asilimia 0.4 ya nguvu. Kiangazi ifute vumbi. Lebo za wati nazo hudanganya, ila eneo halidanganyi: mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kati ya wati 150 na 220, hivyo paneli iliyoandikwa 150 yenye ukubwa wa trei ya chai haiwezi kuwa 150. Simu zichajiwe mchana, jua likiwa kali, umeme utoke kwenye paneli uende mezani bila kulala kwanza kwenye betri.

Sasa pingamizi. La kwanza ni kwamba vifaa vya volti 12 ni adimu, na kila kitu madukani ni cha volti 230. Miaka ishirini iliyopita hoja hiyo ilikuwa na uzito. Leo taa za LED za volti 12 zinauzwa kwa ajili ya pikipiki na magari, chaja za USB za gari ziko kila mahali, na televisheni za sola zimeenea hadi vijijini. Kinachobaki ni mashine ya kunyolea, blenda, drili na pasi. Kwa mashine ya kunyolea, inveta ndogo ya wati 150 inayowashwa mteja akikaa kitini na kuzimwa akiinuka ni jibu la haki, na zipo pia mashine zinazochajiwa kwa USB. Drili na blenda zinaweza kufuata utaratibu huo huo kwa inveta kubwa zaidi. Pasi ya umeme haina nafasi. Ya mkaa ipo. Kinachokataliwa hapa ni inveta inayokesha, inveta kama chombo cha muda haina ubaya.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa kazi nzito: sola haisagi mawe. Ni kweli, na sura hii haidai vinginevyo. Karasha, mashine ya kuchomelea na pampu ya kutoa maji kwenye duara, yaani shimo la mgodi, ni kazi za dizeli au za gridi, na anayejaribu kuzifanya kwa betri ya tela atapoteza fedha. Lakini uhitaji wa jenereta kwa karasha mchana haufanyi jenereta kuwa taa nzuri usiku. Jenereta ndogo ya petroli ikiendeshwa kwa taa chache hutumia mafuta mengi kwa kazi ndogo, kwa sababu injini hula ili izunguke hata isipobeba kitu. Na moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua waliolala kwenye chumba kilichofungwa. Tela na jenereta visilale pamoja.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi: umeme wa gridi unakuja, basi kwa nini kuwekeza kwenye volti 12? Wakala wa Nishati Vijijini umepeleka nguzo mbali, na ada ya kuunganishwa kijijini ya shilingi 27,000 ni ndogo kuliko bei ya betri yoyote ya maana. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Kishapu kwenyewe TANESCO imepata mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa ya 50. Mwenye nyumba ya kudumu kando ya nguzo aunganishwe, asisite. Lakini mita hufungwa kwenye jengo, na tela si jengo. Likihama kufuata mnada au rashi, mita inabaki nyuma. Tena mfumo wa volti 12 haugombani na gridi. Siku tela likiegeshwa pembeni ya nyumba yenye luku, chaja moja ya betri inaufanya umeme wa TANESCO kuwa paneli ya pili, na waya, fyuzi, taa na meza ya simu vinaendelea bila kubadilishwa. Fedha iliyowekwa kwenye shaba haipotei gridi ikifika.

La nne ni bei. Fundi atasema waya wa 4 na wa 6, kiboksi cha fyuzi na vichwa vya shaba vinapandisha gharama, na kwamba fedha hiyo ingeongeza paneli. Hesabu imeshajibu. Kwenye meza ya simu iliyofungwa waya wa spika, zaidi ya moja ya tano ya nguvu hubaki ndani ya waya. Kuongeza paneli hapo ni kuongeza joto kwenye mbao. Kuondoa inveta inayokesha na kuweka waya sahihi kunapunguza paneli inayohitajika kutoka wati 230 hadi 150, na tofauti hiyo inalipia sehemu kubwa ya waya. Paneli unaweza kuiongeza mwakani biashara ikikua, kwa dakika chache, kwa boliti nne, mradi kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji kati ya paneli na betri, iwe na nafasi. Waya uliokwishafichwa nyuma ya mbao huwezi kuuongeza bila kubomoa.

Kwa hiyo anayekwenda dukani Shinyanga au Kahama kununua umeme wa tela lake aende na karatasi yenye mambo manne kwa mpangilio huu: wati-saa anazohitaji kwa siku, urefu na unene wa kila waya, ukubwa wa kila fyuzi, na betri isiyoshushwa chini ya kiwango chake. Muuzaji akianza kwa kumwonesha paneli, amwambie asubiri. Na kama fedha haitoshi kwa vyote, apunguze taa, apunguze simu, apunguze paneli, fyuzi asiipunguze.